Kuboresha breki za Subaru: anza na pedi, kaliperi zije mwisho

Wenye Impreza na Forester za miaka ya 2000 karibu wote huanza na swali moja: kaliperi za pistoni nne zinapatikana wapi? Kaliperi ni kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski. Swali si baya, maana kaliperi za mbele za Impreza WRX zinakaa kwenye magari haya bila kuchomelea chochote. Lakini kaliperi ndicho kitu cha mwisho kununua. Gari lenye kaliperi nyekundu, pedi za bei ya kutupa na mafuta ya breki yaliyokaa miaka sita litapoteza breki kwenye mteremko ambao gari la kawaida lenye pedi nzuri na mafuta mapya linaushuka bila wasiwasi.

Joto, si nguvu

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kilojuli 540 hivi. Likifika 140 linakuwa na zaidi ya 1,050, karibu mara mbili, ingawa mwendo umeongezeka kwa asilimia 40 tu. Kazi kubwa hufanywa na magurudumu ya mbele. Tuseme kila diski ya mbele inabeba asilimia 35: diski ya kilo 6 itapanda nyuzi 68 za Selsiasi hivi kwa kusimama mara moja kutoka 100, na ya kilo 8 itapanda nyuzi 51. Simama mara nane mfululizo bila kuipa nafasi ya kupoa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedi bado inashika.

Sasa angalia mteremko. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka zaidi ya mita 800. Gari hilohilo la kilo 1,400 linapaswa kuacha njiani kilojuli kama 11,000, sawa na kusimama kutoka 100 mara ishirini. Ukishuka na gia ndogo, injini inachukua sehemu yake. Ukishuka na gia kubwa huku mguu umekaa kwenye pedali, karibu zote zinaingia kwenye diski, tena kwa mwendo mdogo ambao upepo wa kupoza ni haba. Mteremko wa Kitonga nchini Tanzania na wa Mai Mahiu nchini Kenya ni hesabu hiyohiyo.

Kwa kusimama mara moja tu, anayeamua ni tairi. Ikiwa breki zako za sasa zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) kwenye lami kavu ukiwa kwenye 100, nguvu unayo tayari. Kaliperi kubwa hazitafupisha umbali huo hata kwa mita moja. Unachonunua ni uwezo wa kurudia, na pedali inayotii mguu. Kama tairi zako ni ngumu au zimepita miaka sita, fedha za kaliperi zipeleke huko kwanza.

Kagua kabla ya kununua

Pandisha gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, toa magurudumu yote manne. Zungusha kila habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) kwa mkono, ambayo ni nzito ina pistoni au pini iliyokwama. Toa kaliperi ya kawaida na usukume pini zake mbili za kuteleza: zinatakiwa kwenda na kurudi kwa vidole. Pini iliyoganda hufanya pedi ya ndani iishe huku ya nje ikiwa bado nene. Magari mengi yanayosemekana yana breki dhaifu yana ugonjwa huu tu, na dawa yake ni msasa laini, grisi ya silikoni ya breki na vifuniko vipya vya mpira.

Fungua kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) utazame sili ya mpira kwenye mfuniko. Ikiwa imevimba na kulegea, kuna mtu aliongeza mafuta ya injini au ya pawastelingi. Hapo usijidanganye kwamba kubadilisha mafuta kutatosha. Mafuta hayo, yanayotokana na petroli ghafi, huvimbisha kila mpira wa mfumo wa breki, kuanzia masta silinda, paipu hadi sili za kaliperi. Vyote vinabadilishwa.

Mafuta ya breki

Hiki ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na chenye faida kubwa. Daraja zake huandikwa DOT: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230, na DOT 5.1 kuanzia 260. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa viwango vinashuka hadi 140, 155 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kaliperi hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo. Katika joto la pwani yenye unyevu, badilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi bado ni nzuri.

Lita moja ya DOT 4 inatosha kusafisha mfumo mzima. Ukifungua kaliperi au paipu, nunua lita moja na nusu. Nunua makopo yaliyofungwa. Kopo lililokaa wazi kwenye rafu ya gereji limeshanyonya maji. DOT 5.1 inaweza kuchanganyika na DOT 4. DOT 5 bila nukta ni silikoni, haichanganyiki na nyingine yoyote, wala haifai kwenye gari lenye ABS.

Pedi

Hapa ndipo utasikia tofauti. Pembeni au mgongoni mwa pedi nyingi pana mstari wa maandishi unaoishia na herufi mbili. Ya kwanza inaonyesha msuguano katika joto la kawaida, ya pili msuguano pedi ikiwa imepata moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE inashika vizuri mjini na kulegea mlimani, yaani inakuacha pale unapoihitaji. Kwa gari la barabarani tafuta FF au zaidi. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu kiasi gani wala kama itapiga kelele, kwa hiyo usizichukulie kuwa cheti cha ubora.

Kwa matumizi ya kasi barabarani, Ferodo DS2500, Hawk HPS na EBC Redstuff ni majina yanayofahamika na yanayofanya kazi. Pedi za mashindano halisi ziache kwa wanaoshindana. Zinataka moto kwanza ndipo zishike, na asubuhi kwenye mzunguko wa kwanza zitakupa pedali ngumu na gari linaloteleza mbele. Isitoshe hula diski.

Usiweke kamwe pedi zenye msuguano mkubwa nyuma kuliko mbele. Gari likifunga breki, uzito unahamia mbele na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Yakijifunga kwanza, nyuma inapita mbele.

Bandia zipo nyingi. Linganisha namba ya toleo kwenye boksi na iliyo mgongoni mwa pedi, angalia kama maandishi yamegongwa au yamepakwa rangi tu, na upitishe ukucha pale bitana (sehemu ya pedi inayosugua diski) inapogusana na bamba la chuma. Ukiona ufa au gundi inayomeguka, irudishe dukani.

Diski

Diski ya mbele ya Subaru hizi ina unene wa milimita 24 ikiwa mpya, na kikomo chake ni 22. Pima kwa kalipa ya kupimia sehemu nne za mzunguko, na usihesabu ukingo wa kutu. Zilizotobolewa matundu zinapendeza machoni, lakini nyufa huanzia kwenye matundu hayohayo zinapopata moto mara kwa mara. Zenye mifereji ni salama zaidi, ingawa zinakula pedi haraka kidogo na hutoa mlio mdogo. Diski laini ya kampuni nzuri, yenye matundu ya hewa katikati ya sahani zake mbili, inatosha kwa karibu kila mtu.

Kinachoharibu diski mpya ni uso wa habu. Kutu ya unene wa karatasi kati ya habu na diski hufanya diski iyumbe, na kikomo cha kuyumba kwenye magari haya ni milimita 0.075, kikipimwa pembeni mwa diski kwa saa ya kupimia. Safisha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka boliti za gurudumu. Diski mpya ioshe kwa dawa ya kusafishia breki ili mafuta ya kuzuia kutu yatoke. Usipake grisi kati ya habu na diski.

Paipu za nyuzi za chuma hufanya pedali iwe ngumu kidogo, kwa kuwa mpira wa zamani hutanuka ukishinikizwa. Zinafaa ikiwa za mpira zina miaka 15, ambapo hata za mpira mpya zingetosha. Chagua zilizofunikwa kwa plastiki juu ya nyuzi. Zisizofunikwa huingiza mchanga, na mchanga husaga paipu kwa ndani.

Kaliperi za pistoni nne

Zilizo nyingi sokoni ni za mtumba kutoka Japani, zilizotolewa kwenye Impreza WRX (msimbo wa toleo GDA) au Impreza STI ya zamani zaidi (GC8). Hutumia diski ya milimita 294. Pima kwanza diski yako: Impreza na Forester nyingi zina 277, nyingine tayari zina 294.

Usidanganywe na idadi ya pistoni. Kaliperi inayoteleza ina pistoni upande mmoja na hujivuta kushika upande wa pili, hivyo kwa hesabu ya nguvu pistoni zake mbili zinalingana na pistoni nne za kaliperi isiyotembea, zikiwa na kipenyo kimoja. Chukua kipenyo cha milimita 42: pistoni moja ina eneo la sentimita za mraba 13.9, mbili 27.7. Kaliperi ya pistoni nne ina mbili kila upande: 27.7 tena. Nyongeza halisi inatoka kwenye diski. Ikiwa pedi ina kimo cha milimita 50, katikati yake kwenye diski ya 277 iko milimita 113.5 kutoka kitovu, na kwenye 294 iko 122. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 7.5. Faida nyingine ni pedi kubwa, joto linalosambaa vizuri, na mwili wa kaliperi usiopinda sana.

Kama eneo la pistoni za kaliperi mpya ni kubwa kuliko la zamani, pedali itakwenda chini zaidi, kwa sababu masta silinda inapaswa kusukuma mafuta mengi zaidi. Wengine hukimbilia masta kubwa. Fanya hivyo baada ya kutoa upepo wote na kujaribu gari, si kabla.

Rimu ni kikwazo cha pili. Inchi 15 sahau. Inchi 16 nyingi zinaingia, lakini si zote. Kinachogonga mara nyingi ni mgongo wa spoku na uso wa nje wa kaliperi, si kipenyo. Vika rimu bila tairi juu ya kaliperi iliyokwisha kufungwa, zungusha, na uhakikishe kuna nafasi ya milimita 3 kila mahali. Vipande vya kusukuma rimu nje vitumike kimoja tu kila upande, chenye tundu la katikati linalokaa sawasawa kwenye habu. Usivipange viwili viwili.

Kaliperi za mtumba usizifunge kama zilivyo. Nunua seti ya sili na vifuniko vya vumbi. Toa pistoni kwa upepo wa kompresa, kidogo kidogo, ukiwa umeweka kipande cha ubao katikati. Vidole visiingie humo hata kidogo, pistoni hutoka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Pistoni yenye vishimo vya kutu pale sili inapopita itupwe, msasa hauiponyi. Kwangua utando mweupe kwenye mfereji wa sili kwa kijiti cha plastiki au mbao, kwani utando huo husukuma sili na kukwamisha pistoni. Unganisha kwa kupaka mafuta safi ya breki. Grisi ya kawaida itavimbisha sili mpya wiki hiyohiyo. Nusu mbili za kaliperi usizitenganishe.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa:

1. Bonyeza pedali kidogo na uishikilie kwa kipande cha mbao dhidi ya kiti, mafuta yasimwagike yote ukifungua paipu. Tandika kitambaa: mafuta ya breki hula rangi ya gari.
2. Toa kaliperi ya zamani na kishikio chake. Boliti mbili nyuma ya nako (chuma kinachobeba habu) huwa zimeganda. Tumia spana ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili hula kichwa.
3. Kama unatoka 277, bamba la vumbi nyuma ya diski litagusa. Likunje au ulikate ukingo. Usiliondoe lote, hulinda diski na bawaba za usukani dhidi ya mawe na joto.
4. Weka diski, ishikilie kwa nati mbili za gurudumu, kisha funga kaliperi. Nipo (kijiskurubu chenye tundu) ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ikiwa iko chini, umebadilisha kulia na kushoto, na upepo hautatoka hata ukipampu siku nzima.
5. Zungusha diski na utazame kama iko katikati ya kaliperi pande zote.
6. Paipu ifungwe kwa washa mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa. Boliti yake inakazwa kwa Nm 18 tu. Anayekaza kwa nguvu ya mkono wote huikata. Boliti za kaliperi kwenye nako zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari lililotoa kaliperi.
7. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, gurudumu likining'inia na likiwa limebeba uzito. Paipu isivutike, isijisokote, isiguse tairi.
8. Nati za gurudumu kwa Nm 100 hivi, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa chini.

Za nyuma ziache kwanza. Kaliperi za pistoni mbili za nyuma hutaka diski ya 290, bamba la nyuma likatwe, na dramu ya hendibreki ya kipimo kimoja na viatu vyako. Za kipindi hiki ni milimita 170, na za baadaye 190, hazibadilishani.

Kutoa upepo

Kwa Subaru hizi mpangilio ni mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Mmoja akae kwenye pedali, mwingine kwenye nipo yenye paipu angavu iliyozama kwenye chupa ya mafuta. Bonyeza taratibu, fungua robo mzunguko, funga kabla pedali haijaachiwa. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Kaliperi yenye nipo mbili hutolewa upepo kwenye zote mbili.

Kwenye gari la zamani weka ubao wa sentimita 3 au 4 chini ya pedali. Sehemu ya mwisho ya masta silinda haijawahi kupitiwa na sili kwa miaka, ina kutu, na kuisukuma sili huko huichana. Mafuta kwenye kopo yasishuke chini ya alama ya chini. Yakishuka, upepo unaweza kufika kwenye ABS, na hapo huenda ukahitaji mashine ya uchunguzi kuendesha pampu yake.

Kuzoesha pedi

Pedi mpya zinapaswa kuacha utando mwembamba, sawasawa, juu ya diski. Tafuta barabara tupu alfajiri. Punguza mwendo kutoka 60 hadi 15 mara nane, kwa mguu wa wastani. Kisha kutoka 80 hadi 20 mara nane, kwa nguvu bila kuamsha ABS. Usisimame kabisa na usikae umekanyaga pedali: pedi moto iliyotulia mahali pamoja huacha alama, na alama hiyo ndiyo mtetemo ambao wengi huuita diski kupinda. Harufu ya kuungua ni ya kawaida. Endesha dakika kumi bila kugusa breki kila inapowezekana, kisha egesha bila hendibreki mpaka zipoe.

Ukiona haya

Pedali laini inayopanda ukipampu ni upepo, rudia. Pedali ngumu lakini ndefu baada ya kona kali ni beringi ya gurudumu iliyolegea au diski inayoyumba, inarudisha pistoni ndani, na kaliperi zisizotembea huonyesha kasoro hiyo kuliko zinazoteleza. Gari likivuta upande mmoja, pima joto la diski za mbele baada ya safari kwa kipima joto cha mbali: iliyo baridi ina pistoni iliyokwama au paipu iliyoziba, iliyo moto sana haiachii. Mlio mkali kwa mwendo mdogo hutokana na pedi zisizo na mabamba ya kuzuia kelele, au kukosekana kwa grisi ya breki pale bamba la pedi linapogusa kaliperi. Grisi hiyo iwe nyembamba, na isifike kwenye bitana.

Baada ya kilomita 100 toa magurudumu tena, tazama kila kiungo cha paipu kwa unyevu, na upime boliti za kaliperi kwa toki spana. Kiungo chenye jasho kibadilishiwe washa, usikikaze zaidi.